Rangi ya kasuku na tabia yake: maswali ninayoulizwa kila siku

Nafuga kasuku wadogo hapa Dar, na mtu akija nyumbani kuchagua kinda swali lake la kwanza sio anakula nini wala ataishi miaka mingapi, ni "huyu wa njano si ndo wale wakali?" Basi nimeyakusanya yote hapa niyajibu kwa mpigo mmoja, sauti imeshanikauka.

Kabla ya yote tuelewane majina, maana mtaani kila kasuku mdogo anaitwa lavubedi. Baji ni yule mwembamba kutoka Australia, mkia mrefu, mistari mistari kichwani na mgongoni. Lavubedi wa kweli ni mfupi mnene, mkia kama umekatwa na mkasi, huyu kwao ni Afrika na vitabuni anaitwa cherero. Kokatieli ni yule mwenye shungi kichwani, naye wa Australia. Na ukisema "kasuku" tu, wengi wanamfikiria yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu.

Kwa kifupi, rangi inabadilisha tabia au haibadilishi?

Yenyewe haibadilishi. Ila rangi haitembei peke yake, inaongozana na jinsia, ukoo, namna kinda alivyolelewa, na kwa wengine hata macho, na hivo vitu ndo vinaleta ukali au upole. Kwahiyo mtu akisema "wa njano wananing'ata" mimi simwambii muongo, namwambia kakamata mshtakiwa siye.

Hizi rangi zinatokea wapi? Wanapakwa?

Hawapakwi. (Ukikutana na baji mwekundu au wa pinki mwili mzima, huyo kapakwa, kimbia, hakuna baji mwekundu duniani.)

Kijani ya kasuku ni rangi mbili zimelaliana. Kuna njano iliyomo kwenye unyoya, na kuna bluu ambayo sio rangi ya kupaka kabisa, ni mwanga unavyorudi ukigonga umbo la ndani la unyoya, na nyuma yake kuna weusi wa melanini unaofanya hiyo bluu ionekane. Njano juu ya bluu, unapata kijani. Sasa toa njano, ndege anabaki bluu. Toa weusi, anabaki njano na macho mekundu, huyo ndo anaitwa lutino. Toa vyote viwili, mweupe, albino. Rangi nyingine nyingi unazoziona sokoni ni kupunguza hiki, kuongeza kile, au kuhamisha madoa.

Alafu njano ya kasuku haitokani na chakula kama ilivyo kwa flamingo, anaitengeneza mwenyewe kwenye unyoya unapoota. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba baji wa bluu amekuwa bluu kwa sababu ya badiliko dogo sana kwenye jeni moja, ile inayotengeneza kimeng'enya cha hiyo njano, kimekosea kiungo kimoja tu basi njano haitoki. Jeni yenyewe kazi yake ni rangi ya unyoya, sasa hasira inaingilia mlango gani hapo?

Mbona basi baji wangu wa njano wote wanang'ata na wa kijani hawang'ati?

Hili ndo swali lenyewe, kaa vizuri maana jibu ni hesabu.

Kwa ndege, dume ana kromosomu (vile vinavyobeba jeni) mbili za Z, jike ana Z moja na W moja. Jeni ya lutino kwa baji inakaa kwenye Z, na ni ya kujificha, yaani ukiwa na nakala nzima mojawapo ya kawaida basi njano haionekani. Dume anahitaji nakala mbili mbovu ili awe njano. Jike ana Z moja tu, hana akiba, nakala moja ikiwa mbovu tayari ni wa njano. Ukimpandisha dume wa njano kwa jike wa kijani, watoto wa kike WOTE wanatoka njano na wa kiume wote wanatoka kijani wakiwa wamebeba jeni kimya kimya. Ukimpandisha dume wa kijani aliyebeba kwa jike wa kijani, nusu ya majike wanatoka njano, madume hakuna hata mmoja.

Sasa chukulia kundi kubwa ambalo katika kila Z kumi, moja ina jeni ya lutino, na ndege wanaoana ovyo ovyo tu. Majike wa njano watakuwa kumi katika mia. Madume wa njano? Moja ya kumi mara moja ya kumi, mmoja katika mia. Yaani kwa kila dume wa njano kuna majike kumi wa njano.

Na jike wa baji, yeyote aliyefuga anajua, ndo mwenye nyumba. Anagombania sehemu ya kutagia, anatafuna mbao, anabana kidole kwa nguvu, dume yeye anaimba na kuongea na kioo. Kwahiyo umenunua njano watatu, karibu wote majike, umenunua kijani watatu mchanganyiko, umekaa nao mwaka, umetoa hukumu kwamba njano ni wakali. Kumbe ulikuwa unafuga jinsia ukidhani unafuga rangi.

Mimi mwenyewe niliingia huo mtego. Nilikuwa na mmoja wa njano aliyenitoboa kidole mpaka damu, nikaapa sifugi tena njano, nikamgawa. Baadaye nikapata dume wa njano kwa bahati, mpole mpaka analala begani nikiangalia mpira, ndo nikaanza kujiuliza maswali.

Hesabu hiyo hiyo inaenda kwa albino, na kwa rangi nyingine za baji zinazoitwa sinamoni na opalini, zote hizo kwa baji zinakaa kwenye Z.

Na lavubedi lutino ni hivohivo?

Inategemea yupi, na hapa hata wauzaji wanachemka. Yule wa uso wa rangi ya waridi, wa Namibia na Angola, lutino yake inafuata jinsia kama ya baji. Lakini wenye pete nyeupe kuzunguka jicho, yaani Fischer na yule wa kichwa cheusi, lutino yao haikai kwenye Z, dume na jike wanatoka sawasawa. Angalia jicho kwanza. Ana pete nyeupe ya ngozi? Basi njano yake haikwambii chochote kuhusu jinsia.

Na lavubedi kwa macho huwezi kujua dume na jike, wengi wanakisia kwa kupapasa nyonga, mimi siiamini hiyo, kipimo cha DNA ndo kinamaliza ubishi.

Mwenye duka kaniambia huyu albino ni dume mpole. Nitahakikishaje?

Kwa baji wa rangi za kawaida ni rahisi, ile ngozi juu ya mdomo palipo na matundu ya pua, dume mzima inakuwa bluu, jike kahawia au nyeupe nyeupe. Kwa lutino na albino hilo halifanyi kazi, dume wake haifikii bluu, inabaki pinki ya zambarau hata akizeeka. Watu wengi wanamwita jike kumbe dume, na wakati mwingine kinyume chake.

Umri nao unafichika. Baji mdogo ana mistari mpaka karibu na mdomo, inarudi nyuma akifika miezi mitatu minne hivi. Lutino hana mistari ya kuonekana, kwahiyo muuzaji anaweza kukuuzia mama wa watu mwenye watoto wanne akakwambia kinda wa wiki saba. Ukimpeleka nyumbani hataki mkono, unasema rangi. Rangi inahusikaje, si umeuziwa mtu mzima?

Kokatieli wangu wa njano usiku anaruka ruka tunduni mpaka anajiumiza. Huo si ukali?

Huo ni woga, tena unajulikana. Kokatieli wote wanaweza kushtuka gizani, na wafugaji wa miaka mingi wanakwambia lutino ndo anaongoza. Hapa nakubali kabisa kwamba kitu kinachoambatana na rangi kinagusa tabia, maana lutino na albino wanakosa weusi hata ndani ya jicho, na ule weusi una kazi ya kupunguza mwanga unaotawanyika. Jicho lisilo na kivuli linaumizwa na mwanga mkali, na ndege ni mnyama wa macho, asipoona vizuri anashtuka, akishtuka anakimbia, akishindwa kukimbia anauma.

Mwachie taa ndogo usiku mbali kidogo na tundu, usimfunike kabisa pande zote, na tundu lisikae dirishani jua la saa nane likampiga usoni. Umeme ukikatika ghafla na paka akapita juu ya bati, hiyo ndo saa yenyewe. Mimi nimeweka kitaa cha betri kinachowaka chenyewe umeme ukienda, usiku sasa nalala.

Kile kipara nyuma ya shungi kwa lutino wengi nacho sio ugonjwa wa hasira wala hajinyonyoi, ni ukoo tu.

Nimeambiwa wa bluu ni watulivu kuliko wote. Kweli?

Sijaona, na bluu ndo mtihani mzuri kwa sababu haifuati jinsia, dume na jike wanatoka bluu kwa uwiano sawa. Nimepata bluu wakorofi na bluu wapole kama kijani tu. Nadhani ni jina la rangi lenyewe linatudanganya, bluu tunaihusisha na utulivu, njano na kelele, nyekundu usiseme.

Na hii hadithi naipenda kwa sababu ni ya kwetu. Lavubedi wa kichwa cheusi ni ndege wa Tanzania, wa kaskazini na katikati huko. Bluu ya kwanza kujulikana haikuzalishwa na mtaalamu yeyote wa Ulaya, alikutwa porini akiwa hivohivo, akapelekwa Uingereza mwaka 1927 na kuishia bustani ya wanyama ya London. Ndege huyo alikuwa mwitu kama mwitu wenzake, alikuwa kundini na wa kijani wanakula mbegu pamoja. Utulivu ambao watu wanausifia kwa bluu wa leo umetokana na vizazi na vizazi vya kukaa na binadamu, na kijani waliozaliwa tunduni wanao pia.

Mbona basi rangi adimu wengi hawataki kushikwa?

Pesa. Mtu akipata rangi ambayo jirani hana, hamlishi kwa mkono, anamwacha kwa wazazi wake akue haraka apandishwe. Mkono wa binadamu anauona siku ya kusafishwa tundu tu. Wa kijani, ambaye bei yake imeshuka, ndo anapewa mtoto wa nyumbani acheze naye. Miaka miwili baadaye unalinganisha ndege aliyelelewa sebuleni na ndege aliyelelewa kiwandani, alafu unasema tofauti ni rangi.

La pili ni ndugu kwa ndugu. Ili rangi ya kujificha itoke haraka watu wanapandisha baba na binti, kaka na dada, tena na tena. Unapata rangi, na unapata mayai yasiyoanguliwa, makinda wadogo, ndege wanaoumwa umwa. Kokatieli wa rangi ya fedha wa aina ya kujificha waliwahi kusumbua wafugaji kwa kuzaliwa vipofu. Sasa ndege dhaifu au asiyeona vizuri ana tabia gani? Anajikunja, anashtuka, anauma. Ukiona muuzaji ana rangi moja nzuri na ndege wote wamefanana saizi ndogo ndogo, muulize wazazi ni nani na nani. Akibabaika, ondoka tu.

Lakini si sayansi inasema wanyama wenye weusi mwingi ni wakali?

Hapa umenibana kidogo. Mwaka 2008 kuna wanasayansi waliandika mapitio ya wanyama wengi wa porini wakaona wenye melanini nyingi mara nyingi ni wakorofi zaidi, na sababu wanayoitoa ni kwamba homoni zinazoamrisha weusi zinagusa pia msongo na hasira mwilini. Ni jambo la kweli na la kufikirisha. Ila linahusu rangi inayoamrishwa na hizo homoni. Lutino yeye ni kiwanda kimevunjika mashine, amri inakuja kama kawaida ila bidhaa haitoki. Na ile njano ya kasuku haimo kabisa kwenye mfumo huo.

Na mfano wa mbweha watu wanaupindua. Kule Siberia, Novosibirsk, mwanasayansi Belyaev alianza 1959 kuzalisha mbweha wapole tu, kila kizazi anachagua asiyeogopa watu, na baada ya muda wakaanza kuzaliwa wenye mabaka meupe. Pale alichagua upole, rangi ikafuata nyuma. Sisi wa kasuku tunachagua rangi, alafu tunasubiri upole ujilete wenyewe. Haujileti.

Kuna kasuku mwekundu na mwenzake wa kijani, na mwekundu ndo mkali. Hiyo nayo si rangi?

Unamsema eklektasi, wa New Guinea, visiwa vya Solomon na kaskazini mwa Australia. Pale mwekundu ni jike, kijani ni dume, basi. Wazungu walidhani ni aina mbili tofauti za ndege mpaka miaka ya 1870. Jike anakaa kwenye shimo la mti miezi analinda nafasi yake, lazima awe mkali. Ni jibu lilelile la baji wa njano, ila hapa maumbile yameandika jinsia wazi kwa rangi.

Ndege wenyewe wanabaguana kwa rangi?

Kidogo wanaangalia. Ile njano ya kichwani kwa baji inang'aa kwenye mwanga ambao sisi hatuuoni, na jaribio la mwaka 2002 lilionyesha ukiifunika kwa losheni ya kuzuia jua, ndege wa jinsia nyingine wanapunguza kuvutiwa naye. Lakini tunduni mwangu bluu na kijani wanalishana mdomo kwa mdomo, njaa ya mapenzi haichagui. Ugomvi ninaouona ni wa nafasi, tundu dogo, kiota kimoja majike wawili.

Rangi gani inaongea zaidi?

Dume. Ndo jibu. Kwa baji rekodi ya Guinness ya maneno mengi, 1,728, ni ya Puck wa California, dume. Ukinunua albino ukitegemea akusalimie asubuhi, kumbuka ile hesabu ya juu, kuna uwezekano mkubwa umebeba jike. Lavubedi usimsubirie kabisa, huyo ni kelele tu.

Na kasuku wa kijivu mwenye manyoya mekundu mengi?

Wapo, wengine wanazalishwa makusudi nje huko na bei yake ni ya gari. Kwa tabia, kijivu ni ndege wa akili na wa miaka mingi, arobaini mpaka sitini, anayebadilika kulingana na kampani anayopata. Aliyekaa peke yake kutwa nzima anajinyonyoa mpaka anabaki na vipara kifuani. Alex, yule aliyefundishwa na mtafiti Irene Pepperberg kutaja rangi na kuhesabu, alinunuliwa duka la kawaida Chicago mwaka 1977, kijivu wa kawaida kabisa.

Ila kabla hujamtafuta, ujue kijivu yuko kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu uamuzi wa 2016, biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imefungwa. Wanaoletwa kwa magendo kutoka Congo wengi wanafia njiani. Na hata lavubedi wa Fischer, wa kwetu hapa kusini mwa Ziwa Victoria, walikamatwa kwa wingi sana miaka ya 1980 kwenda kuuzwa nje. Muulize muuzaji karatasi, na mguuni angalia pete iliyofungwa isiyo na kiungo, ile inavalishwa kinda akiwa na siku chache tu, ndege mkubwa haingii.

Sasa nichagueje kama sio kwa rangi?

Nenda asubuhi au jioni wanapochangamka, sio saa saba mchana wamesinzia wote unawaona wapole. Kaa pembeni dakika kumi bila kuongea. Alafu peleka mkono taratibu mpaka kwenye tundu, usiingize, na uangalie nani anasogea, nani anabaki anakutazama, nani anajirusha kona ya mbali. Yule anayebaki anakutazama huku anaendelea kula, huyo. Mwambie muuzaji amtoe yeye mwenyewe kwa mkono wake, kama kweli kamlea utaona ndege anavyopanda, kama atamkimbiza kwa taulo tunduni basi habari umeipata.

Jicho liwe wazi, pua kavu, nyuma pasiwe na uchafu ulioganda. Uliza analala na mwanga au giza. Uliza ni wa miezi mingapi, na kama ni lutino usiamini jibu.

Ukishampata na akawa wa njano, sawa tu, mpe wiki mbili za kukuzoea kabla hujaanza kumlazimisha kidole. Mtama wa kishuke unamalizia kazi nyingi, ushikilie kwa mkono, usiangalie simu, subiri. Wa kwangu wa mwisho alichukua siku tisa.